Kaye sita, kaye nne



Wiki hii tunazungumza juu ya neno ambalo tunalisema kila siku bila kulipima: kwamba kila mtu ni mtu. Tunalisikia kanisani na msikitini. Liko pia ndani ya Katiba yetu ya 2006. Kifungu cha 11 kinasema binadamu wote wanazaliwa huru na sawa katika heshima na haki, na cha 16 kinasema mtu ni mtakatifu. Ni maneno mazuri. Lakini sisi wenyewe, wa chama hiki, yalitushinda siku moja ya mwanzo wa masomo, mbele ya watoto wetu, juu ya kaye.

Mnajua desturi yetu. Kila mwaka kabla masomo hayajafunguliwa, tunatoa franka kwenye kasha la chama, tunanunua kaye na biki kwa bei ya jumla. Kila mama anaandika majina ya watoto wake kwenye kipande cha karatasi, na mwandishi wetu anatengeneza orodha moja. Mwaka ule kila mtoto alikuwa na haki ya kaye sita na biki mbili. Tuliita majina uani, wamama wamekaa kwenye benchi, watoto wamesimama mstari.

Kijana wa miaka kumi hivi alikuja na wadogo zake wawili wa kike, mmoja amemshika mkono wa kuume, mwingine wa kushoto. Tukaita jina la mkubwa, akapokea. Tukaita la mdogo, akapokea. Kijana akanyoosha mikono. Mwandishi akatazama orodha, akageuza karatasi nyuma, akauliza: "Na huyu?" Mama yake, aliyekuwa amekaa pamoja nasi, akajibu kwa sauti ya chini: "Huyo hapana. Huyo hayuko kwa orodha."

Hakuna aliyeuliza sababu, maana wote tulikuwa tunaijua. Mama huyu alikuwa mjane wakati vita vya upande wa Nyunzu vilipomfukuza kijijini kwake. Njiani alikutana na watu wenye silaha. Hatutaji walikuwa wa upande gani, kwa kuwa katika vita vile wanawake waliumizwa na pande zote. Alifika Kalemie akiwa na mimba. Miaka michache baadaye bwana mmoja alimwoa, akamzalisha wasichana wawili, lakini alisema tangu siku ya kwanza: nimekuchukua wewe, yule sikumchukua. Basi yule anakula jikoni, analala na wageni wakija, na majirani wamempa majina ambayo hatuyaandiki hapa. (Mama mwenyewe ametukubalia kusimulia haya. Mambo mawili matatu tumeyabadilisha ili asijulikane.)

Tulifanya nini? Tulifanya jambo ambalo siku ile lilionekana la huruma. Kulikuwa na kaye zilizobaki, tukamkusanyia. Akashukuru kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Halafu akasogea pembeni, akazihesabu. Zilikuwa nne. Akatazama za wadogo zake, akahesabu tena zake. Hakusema neno.

Jioni ile kamati ilikaa mpaka giza likaingia. Wengine walisema: mama mwenyewe hakumwandika, sisi ni nani tumlazimishe? Wengine walisema: kama tulijua kwamba yuko, kwa nini tulisubiri karatasi? Mmoja alisema kweli ambayo iliuma: orodha yetu haikuwa ya watoto, ilikuwa ya watoto wenye baba anayetambuliwa. Hatukuandika sharti hilo popote. Lilijiandika lenyewe.

Hapo ndipo mama mmoja mzee wetu alianza kusema. Bwana yake alikuwa mtu wa Kasaï aliyekuja huku kufanya kazi ya gari-moshi, na yeye amefuata kwa redio habari ya wamama watano wa kule. Alituuliza kama tunaijua. Wengi hatukuijua. Tangu siku ile tumetafuta, tumesoma, na tunaona inafaa familia zetu ziisikie, kwa sababu inaonyesha kitu gani kinatokea nchi nzima ikiendeshwa kwa orodha kama ile yetu.

Wamama hao wanaitwa Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Walizaliwa hapa Congo wakati wa utawala wa Ubelgiji. Kila mmoja mama yake alikuwa Mcongo na baba yake Mzungu. Watoto wa namna hiyo waliitwa wametisi, na Leta ya wakoloni ilikuwa na hofu nao. Ukoloni wote ulisimama juu ya wazo moja: mtu mweupe yuko juu, mtu mweusi yuko chini, na katikati hakuna njia. Mtoto wa rangi mbili alikuwa anatembea kijijini akionyesha kwamba ukuta ule una mlango. Wakubwa waliogopa pia kwamba watoto hao wakikua wangeweza kuongoza uasi. Basi waliamua kwamba mtoto mwenye damu ya Kizungu asilelewe na mama mweusi, lakini pia asiwe Mzungu kamili.

Kwa hiyo waliwachukua. Kazi hiyo haikuwa ya mwizi wa usiku. Ilikuwa kazi ya ofisi, yenye makaratasi na mihuri. Leta ilituma watu wake vijijini, familia zikatishwa, na mtoto akapelekwa mbali sana na kwao. Hawa watano walichukuliwa kabla hawajatimiza miaka 7, wakapelekwa katika misioni ya Katende, Kasaï, wakalelewa na masera. Monique Bitu Bingi alikuwa na miaka minne. Mwaka ulikuwa 1953. Wamama mnaosoma haya, fikirini mtoto wenu wa miaka minne. Bado anauliza kila kitu. Bado anataka kulala karibu na mgongo wako. Ng'ambo, Rwanda, kulikuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo kule Save, na watoto wengi wa pale walipelekwa mpaka Ubelgiji karibu na wakati wa uhuru.

Hawakuwa yatima. Hilo tunaomba mlishike. Walikuwa na mama, bibi, wajomba, watoto wenzao wa kucheza nao. Leta ndiyo iliyoamua kwamba wote hao si kitu. Kuna watu mpaka leo wanasema, lakini masera waliwapa chakula na kuwafundisha kusoma. Sisi tunajibu: kama mama hana thamani mbele yako, hata wema unaomfanyia mtoto wake una sumu ndani.

Uhuru ulipofika 1960 na fujo zikaanza Kasaï, Wazungu waliondoka. Wasichana walibaki. Leta iliyowatoa mikononi mwa mama zao kwa kusema inawalinda haikuwachukua iliposhika njia ya kwenda. Baadhi yao wameeleza mabaya waliyotendewa na wanamgambo waliobaki nao pale. Baadaye walikua, wakaolewa, wakazaa, wakahamia Ulaya. Kila mahali walipotakiwa kuonyesha karatasi, matata yalianza upya: wewe ni nani, baba yako nani, ulizaliwa wapi?

Mwaka wa 2017 maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba msamaha ndani ya bunge kwa niaba ya nchi yake. Hao watano walisema: asante, lakini msamaha peke yake hautoshi. Wakaishtaki Leta ya Ubelgiji. Mwezi wa Desemba 2021 walishindwa. Hakimu wa kwanza aliona kwamba siasa ile, hata kama leo haikubaliki, kwa sheria ya nyakati zile haikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walikuwa bibi wa miaka zaidi ya sabini. Wangeweza kukaa nyumbani na wajukuu. Walikata rufaa.

Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki. Ilisema kwamba kuwanyang'anya watoto hao kutoka kwa mama zao, kwa sababu tu ya asili yao, kulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na uhalifu huo hauozi hata miaka ikipita. Leta ya Ubelgiji ikaamriwa kumlipa kila mmoja euro 50.000, kwa ajili ya maumivu ya kukatwa kutoka kwa mama yake na kuharibiwa utambulisho wake.

Mama mzee alipofika hapa katika simulizi alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo lilitufunga midomo. Kwa nini hakimu wa 2021 na mahakama ya 2024 waliona mambo mawili tofauti, na matendo ni yaleyale? Tumelifikiria sana swali hilo. Wa kwanza alipima kitendo kwa macho ya zama zile: wakati ule wote walifanya hivyo. Mahakama ya rufaa ilisema kwamba hata wakati ule dunia ilikuwa imekwisha kujua. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha mwaka wa 1945, wakubwa wa Wanazi walikuwa wamehukumiwa Nuremberg, na mwaka wa 1946 mataifa yalikubali misingi ya hukumu ile. Tarehe 10 Desemba 1948 Umoja wa Mataifa ulitangaza haki za binadamu wote, na Ubelgiji ilipiga kura ya ndiyo. Miaka mitano baadaye ikamchukua Monique. Yaani mkono mmoja ulitia sahihi kwamba binadamu wote ni sawa, na mkono mwingine ukaandika orodha ya watoto wa kuchukuliwa.

Na haikuwa wametisi tu. Wazee wetu wanakumbuka habari za waliojiita evolue. Tangu 1948 Mcongo aliweza kuomba karte ya sifa njema, na tangu 1952 kitu kikubwa zaidi kilichoitwa imatrikulasio, ili Leta imtambue kuwa amestaarabika. Kwa kupata hiyo, watu walikuja kukagua nyumba yake: anakula namna gani, analala namna gani, bibi yake anaweka jiko namna gani. Sufuria za mke ziliamua kama mume ni mtu. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa mara ya kwanza, akakubaliwa mwaka wa 1954. Katika nchi yenye mamilioni ya watu, waliopata hiyo imatrikulasio walikuwa wachache kabisa. Ndivyo inavyokuwa utu ukigawanywa kwa ukaguzi. Aliyepata anaogopa kupokonywa, asiyepata anaona haya nyumbani kwake, na mkaguzi anabaki mkubwa siku zote. Hatujui kama wamama wa wakati ule walicheka au walilia walipoona mgeni anafunua vyungu vyao. Pengine yote mawili.

Sasa turudi uani kwetu. Sisi hatuna polisi wala misioni ya kufungia watoto. Lakini wakati wa mazungumzo ya jioni ile tuliona kwamba swali letu lilikuwa lilelile la wakoloni: damu ya baba yake ni ya nani? Na jibu letu lilifuata njia ileile, mtoto akasukumwa mpaka jikoni. Katika mkoa wetu wa Tanganyika tunalijua jambo hili kwa sura nyingine pia. Ni nani kati yetu hajasikia mtu anasema Mtwa si mtu kamili, kwa mdomo uleule unaotafuna mahindi yaliyolimwa na Mtwa kwa malipo madogo? Vita vya Nyunzu na Manono havikuanza siku mshale wa kwanza ulipotupwa. Vilianza zamani, katika vijiji ambamo watu wawili walifanya kazi ileile na mmoja akahesabiwa nusu. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria namba 22/030 ya kulinda na kuinua haki za Wambuti na Watwa. Ilipaswa kuwa habari kubwa huku kwetu. Tunauliza wangapi waliisikia.

Baada ya toleo letu lililopita, ambamo tuligusa kidogo jambo hili, baba mmoja alituandikia. Anasema: mkisema mtoto wa ubakaji ana heshima sawa, mnafuta kosa la aliyebaka. Tunamheshimu baba huyu, maana ameandika kwa adabu, na najua anasema wanayoyawaza wengi. Lakini jibu bora hatukulitoa sisi. Lilitoka kwa mama mwenyewe wa kijana. Tulimwuliza siku moja, tukiwa tunachagua ndagala pamoja: na yule aliyekutendea, naye ni mtu? Alikaa kimya muda mrefu, tukajuta kuuliza. Halafu akasema: "Ni mtu. Angekuwa mnyama ningemwacha. Mnyama hashitakiwi." Sheria mbili za Julai 2006 juu ya ubakaji ziliwekwa kwa ajili hiyo, na kifungo kiko ndani yake. Kumhesabu mtenda kuwa binadamu ndiko kunakomleta mbele ya hakimu. Mtoto hana kesi yoyote ya kujibu.

Waswahili wana neno kwamba kitanda hakizai haramu. Sisi tungeongeza kwamba hata mahali pasipokuwa na kitanda, porini, kando ya njia, kinachozaliwa ni mtoto.

Lakini baba wa barua aligusa jambo jingine ambalo hatutalificha, nalo ni shamba. Wababa wengi hawamchukii mtoto. Wanaogopa siku atakapodai fungu la ardhi pamoja na ndugu zake. Hofu hiyo si ya kuchekwa wakati mashamba yanapungua na wakimbizi wanaongezeka. Katika kamati hatukukubaliana juu ya hilo na bado hatujakubaliana. Tulikubaliana tu kwamba mtoto wa miaka kumi asilipe leo kwa njaa na aibu deni la shamba ambalo hajaliomba.

Halafu tulitafuta sheria inasema nini, tukashangaa kukuta kwamba iko karibu nasi kuliko tulivyofikiri. Tunaiandika hapa kwa ajili ya kila mama mwenye mtoto wa namna hii, au mwenye dada au binti aliye naye.

Kwanza, uraia. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema mtoto ambaye mmoja wa wazazi wake, baba au mama, ni Mcongo, ni Mcongo tangu kuzaliwa. Imesema baba *au* mama. Basi anayemwambia mtoto wako "rudi kwa baba yako, wewe si wa hapa" amedanganya. Wewe ukiwa Mcongo, yeye ni Mcongo.

Kuhusu akti ya kuzaliwa, kitabu cha sheria ya familia, kama kilivyorekebishwa mwaka wa 2016, kinatoa siku 90 tangu mtoto azaliwe ili aandikishwe. Mama mwenyewe anaweza kwenda. Hana lazima ya kusubiri bwana. Siku 90 zikipita njia haifungwi, lakini inakuwa ndefu, maana sasa inahitaji hukumu ya tribinali kwanza. Basi msikae.

Na baba. Hapa ndipo tulipoacha kusoma na kutazamana. Kifungu cha 591 kinasema kila mtoto wa Congo anapaswa kuwa na baba. Ukikisoma haraka unaweza kudhani kinamlaumu mtoto asiye naye. Sivyo. Mbele kidogo, kifungu cha 649 kinasema kwamba ikiwa baba wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hawezi kuthibitishwa, hakimu anamtaja baba wa kisheria. Anaweza kuombwa na mama, au na mtoto mwenyewe. Na baba huyo anatafutwa katika jamaa ya mama. Akikosekana, mama anamtaja mtu mwingine. Kwa hiyo sheria haimwachi mtoto mlangoni akisubiri mtu aliyekimbia. Inaingia ndani ya ukoo wa mama na kuuliza: ni nani hapa atasimama?

Mama yule alikuwa na kaka mdogo, mvuvi. Tulienda kumwona wawili wetu, na tuliogopa njiani. Alitusikiliza, akaosha mikono, akasema amekuwa akingoja miaka tisa mtu aje kumwuliza.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yalikwenda mbio. Katika ofisi moja karani aliuliza jina la baba, akaambiwa hali ilivyo, akacheka na kumwita mwenzake aje asikie. Mama alitaka kurudi nyumbani. Mmoja wetu, ambaye hana subira na hatumtaji, alimwuliza karani kama yeye alichagua baba yake dukani. Kiliandikwa kilichotakiwa kuandikwa, ila siku ile ilipotea, na nyingine nyingi zilipotea, na kila siku inayopotea ni beseni la ndagala ambalo halikuuzwa. Chama kililipa nauli. Tunasema hivyo ili familia zijipange.

Orodha ya kaye nayo tumeibadilisha. Hatuombi tena karatasi. Wawili wawili tunapita nyumba kwa nyumba, jioni, wakati watoto wako nyumbani, na tunahesabu vichwa: wanaokula ndani, wanaokula jikoni, mtoto wa kaka aliyekufa, msichana aliyeletwa kijijini kufanya kazi na ambaye kila mtu anamwita "yule". Huyo wa mwisho tulimkuta katika nyumba tatu, na moja ya nyumba hizo ni ya mmoja wa kamati. Alikasirika kwanza. Wiki iliyofuata alileta jina lake na umri wake, limeandikwa kwa mkono wa msichana mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizolala upande.

Wamama wengine watasema chama kinaingia mambo ya ndani ya nyumba. Ni kweli, tunaingia. Tunaingia pia mtu akifiwa, akizaa, akiunguza nyumba, na hapo hakuna anayetufukuza.

Bwana wa mama yule bado hajasema neno juu ya kijana. Anakula naye meza moja siku nyingine, siku nyingine hapana. Tulitaka kuwaletea habari iliyo bora kuliko hiyo, lakini ndiyo tuliyo nayo. Akti ilitoka. Ina majina matatu, la tatu ni la mjomba mvuvi. Mama ameitia ndani ya plastiki na kuificha chini ya godoro, na kijana amenakili majina yote matatu juu ya jalada la kila kaye, zote sita.